Mbivu na Mbichi: Mwongozo Kamili wa Kusoma Matunda Katika Picha za Vitu Tuli

Sebuleni kwa shangazi yangu, Tanga, ilitundikwa kalenda iliyokwisha muda wake zamani. Hakuna aliyethubutu kuishusha kwa sababu ya picha yake: meza yenye kitambaa cheupe kilichokunjamana, bilauri ya mvinyo, chaza kwenye sahani, na limau lililomenywa nusu, ganda lake likining'inia ukingoni kama utepe. Siku moja shangazi alikuwa akiifuta vumbi, akauliza bila kunigeukia: "Mwanangu, huyu aliyemenya limau kaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipokuja kusoma habari za picha hizi nikakuta mabingwa wa historia ya sanaa nao wamebishana miaka na miaka juu ya malimau ya namna hiyo, na hawajaafikiana. Mwongozo huu ni wa mtu aliyesimama mbele ya picha ya namna hiyo, iwe jumba la makumbusho au kioo cha simu, akahisi kuna jambo linasemwa lakini hajui aanzie wapi.

Kwanza jina. Waholanzi ndio waliozipa picha hizi jina la stilleven, katikati ya karne ya 17: vitu vilivyotulia. Wafaransa wakaziita nature morte, yaani maumbile yaliyokufa. Kiswahili hakijakaa kwenye jina moja. Hapa nitasema picha za vitu tuli. Ni picha za meza, kapu, sahani, matunda, maua, mkate, samaki, bila mtu. Karne yake ya dhahabu ni ya 17, hasa Uholanzi, eneo la Flandasi, Hispania na Italia, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Na onyo moja kabla ya hatua zenyewe. Mtandaoni utakuta orodha: tufaha ni dhambi, zabibu ni damu ya Yesu, limau ni usaliti. Ukianza na orodha hiyo umeshapotea. Fikiria kanga. Mgeni akiona umbo la korosho kwenye kanga, kisha mtu akamwambia "korosho maana yake ni kadhaa", atakuwa amejua nini? Sisi tunatazama pindo, tunatazama mji, tunasoma jina, halafu tunauliza: kampa nani, lini, na mpokeaji kaivaa mbele ya nani? Picha ya matunda husomwa hivyohivyo. Orodha ya maana ina kazi yake, ila inakuja karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Pata picha unayoweza kuikuza, kisha nyamaza

Picha ndogo ya WhatsApp haitakusaidia. Tundu la funza halionekani humo. Jumba la Rijksmuseum la Amsterdam limeweka picha zake kwenye tovuti yake kwa ubora wa juu, na za kale unaruhusiwa kuzipakua bure. Mafaili ni mazito, kwa hiyo subiri mahali penye Wi-Fi.

Ukishaifungua, usisome maelezo. Chukua kalamu, andika kila unachokiona kwa majina unayotumia sokoni. Hapa lugha yetu ina mitego yake. Pera letu silo tunda la Ulaya lenye shingo nyembamba. Lile ni pea. Ndimu si limau. Na tufaha la kwenye picha hizi ndilo lile la dukani lenye kibandiko cha kigeni, lakini mtu wa Unguja ukimwambia tofaa anaweza kukuletea lile la waridi, lenye majimaji na umbo la kengele. Kumbuka mkanganyiko huo, kwa sababu Wazungu nao walikuwa na wao juu ya tunda hilohilo, na tutaufikia.

Dakika kumi zinatosha. Utashangaa ni mangapi yanajitokeza dakika ya saba.

Hatua ya 2: Uliza picha ilitundikwa wapi

Sasa soma kibandiko: jina la mchoraji, mwaka, mji. Mwaka na mji vina uzito kuliko jina.

Mwaka 1566, katika Nchi za Chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji za leo, makundi ya Waprotestanti yaliingia makanisani yakavunja sanamu na picha. Uholanzi ya kaskazini ilipojitenga na Hispania, makanisa yake ya Kikalvini hayakuagiza tena picha za madhabahuni. Wachoraji wakageukia soko: wafanyabiashara, watengeneza bia, watu wa kawaida wenye akiba kidogo, waliotaka kitu cha kutundika nyumbani. Kwa hiyo picha ya Haarlem, Uholanzi, ya 1630 ilichorwa kwa ajili ya ukuta wa sebule. Ikiwa ina mahubiri, yamefichwa ndani ya chakula.

Upande wa Wakatoliki mambo yangeweza kusemwa waziwazi. Jan Davidsz. de Heem, mzaliwa wa Utrecht aliyehamia Antwerp miaka ya 1630, alichora mwaka 1648 kikombe cha misa na hostia vimezungukwa na taji la matunda, zabibu na masuke ya ngano. Picha hiyo iko Vienna, Kunsthistorisches Museum. Hapo huhitaji kamusi: zabibu ni mvinyo wa altare, ngano ni mkate wake. Zabibu zizo hizo zikiwa kwenye bakuli la mfanyabiashara wa Amsterdam, kando ya kamba wa baharini na bilauri, huenda zisiwe na habari yoyote na altare.

Hatua ya 3: Mbivu, mbichi au bovu?

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa na wengi. Kabla hujauliza ni tunda gani, uliza lina hali gani.

Chukua kapu la matunda la mchoraji wa Kiitaliano Caravaggio, lililochorwa miaka ya mwisho ya 1590, lililopo jumba la picha la Pinacoteca Ambrosiana, Milano. Ni picha ndogo, haifiki sentimita 50 kwa kimo. Kapu la kusuka, zabibu nyeusi na nyeupe, tini, pea, pichesi, tufaha, na majani. Nyuma hakuna kitu ila rangi ya manjano iliyofifia, tupu kabisa. Kwa mtazamo wa mbali ni neema tupu.

Kuza. Tufaha la mbele, lile jekundu zaidi, lina tundu la funza. Zabibu nyingine zimeanza kusinyaa. Majani ya kushoto bado yana uhai ingawa yametobolewa na wadudu; sogea kulia, yanakauka na kujikunja mpaka jani la mwisho linakuwa kama kivuli cha jani. Ukilisoma kapu kutoka kushoto kwenda kulia, muda unapita.

Mwenye picha alikuwa Kardinali Federico Borromeo, askofu mkuu wa Milano na mwanzilishi wa Ambrosiana. Mwaka 1625 aliandika kwamba alitamani kuweka kapu jingine kando yake lakini hakupata linalolingana nalo kwa uzuri, kwa hiyo likabaki peke yake. Yaani mtu wa Kanisa, mwenye fedha ya kununua picha yoyote ya Bikira Maria, alilienzi kapu la matunda yenye kasoro. Je, aliona ndani yake habari ya kifo? Au alifurahia tu jinsi Mungu alivyoumba jani, hata jani bovu? Mimi naelemea hilo la pili, ila tundu la funza halinipi raha.

Sheria ya hatua hii: tunda kamilifu katika picha ya vitu tuli linasema kidogo. Tunda lenye doa linasema zaidi. Waingereza, Waholanzi na Wafaransa wanatumia neno la Kilatini vanitas kwa picha zinazokumbusha kwamba vyote vinapita, na Kiswahili kina neno lake zuri, lile la Mhubiri: "Ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili." Fuvu la kichwa, mshumaa uliozimika na saa ni alama zake za wazi. Doa kwenye pichesi ni mnong'ono wa jambo hilohilo.

Hatua ya 4: Limekaa wapi, na nani kaligusa?

Tunda lililo katikati ya meza limetulia. Tunda lililo ukingoni linakutia wasiwasi, na mchoraji anajua. Kapu la Caravaggio limechomoza mbele ya kiunzi chake kidogo, yaani ubao lililokalia, kana kwamba litakuangukia. Alirudia hila hiyo mwaka 1601 katika picha ya karamu ya Emau, iliyopo National Gallery ya London: Yesu aliyefufuka anabariki mkate, wanafunzi wanashtuka, na kapu la matunda liko nusu hewani ukingoni mwa meza. Kila mtu kwenye picha anamwangalia Yesu. Wewe peke yako ndiye unayetaka kunyoosha mkono ulidake kapu.

Tazama na alama za mtu asiyekuwepo: kisu ambacho mpini wake umekuelekea, tunda lililokatwa, punje zilizochumwa kwenye kishada, ganda linaloning'inia. Shangazi aliona hilo bila kusomea. Picha haina mtu, lakini imejaa mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

Kwa Wahispania, mpangilio ulikwenda njia nyingine kabisa. Juan Sánchez Cotán, karibu mwaka 1602, alichora fremu ya dirisha la stoo lenye giza nyuma yake: kwinsi, tunda gumu la jamii ya tufaha, na kabichi vinaning'inia kwa kamba, kila kimoja chini kidogo kuliko chenzake, kisha tikiti lililokatwa na tango vimekaa kwenye kiunzi. Ukizifuata kwa jicho zinashuka kama ngazi. Mwaka 1603 mtu huyu aliacha karakana yake Toledo akaingia utawa wa Wakartusi. Wengi wameisoma picha hiyo kwa kurudi nyuma, kutoka utawani: ukimya, kufunga, chakula kisicho na nyama. Inawezekana. Lakini vyakula vilining'inizwa kwa kamba ili visiharibike upesi, kama wengi wetu tulivyoona ndizi zikitundikwa darini.

Hatua ya 5: Majirani zake ni nani?

Tunda haliko peke yake, na maana yake huletwa na jirani. Nzi ni uozo. Kipepeo, kwa kuwa alikuwa kiwavi akajifungia akatoka na mabawa, ni roho na ufufuo. Saa ya mfukoni ni muda, au kiasi. Mkate na mvinyo kando ya zabibu huvuta mawazo kwenye Meza ya Bwana.

Tufanye mfano mmoja kwa utulivu. Pieter Claesz, mchoraji wa Haarlem, mwaka 1627 alichora meza yenye pai la bata mzinga, iko Rijksmuseum. Juu ya pai amesimamishwa bata mzinga mwenyewe, manyoya yake yote, ua mdomoni. Kuna kikombe kilichotengenezwa kwa kombe la bahari, chaza, zeituni, mkate, bakuli la kauri la Kichina lenye matunda, na limau lililomenywa nusu. Na karibu nasi kuna karatasi iliyochanwa kwenye almanaka, ikasokotwa kama ile ya muuza karanga wa kituo cha basi. Ndani yake pilipili manga.

Sasa hesabu safari. Bata mzinga asili yake ni Amerika. Limau limetoka kusini, nchi za Mediterania. Pilipili manga ni ya Asia. Bakuli ni la Uchina, enzi ya mfalme Wanli, na huenda lilisafiri kwenye meli za kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyoanzishwa 1602. Sisi wa pwani kauri za namna hiyo si ngeni: nguzo za makaburi ya Kunduchi zilipambwa kwa vyombo vya Kichina, na nyumba za kale za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani vya kuvipanga. Mwenye nyumba wa Lamu na mwenye nyumba wa Haarlem walijua kitu kilekile: mgeni akiingia, aone.

Kwa hiyo limau hilo, kabla halijawa fumbo, ni mali. Na karatasi ya almanaka, kalenda ya mwaka uliochanwa na kufungiwa viungo, ni kejeli au ni kawaida ya dukani? Hapo ndipo raha ya kusoma ilipo.

Hatua ya 6: Msimu na umbali

Fupi lakini ina nguvu. Uliza: matunda haya yanaweza kuwa mbivu siku moja, mahali pamoja? Stroberi za mwanzo wa kiangazi zikiwa na zabibu za vuli, mchoraji hakuwa na kapu hilo mbele yake. Ameliunganisha kutoka kwenye michoro yake ya mwaka mzima. Katika ile karamu ya Emau, tukio ni siku ya Pasaka, majira ya kuchipua, lakini kapu lina zabibu na komamanga za vuli. Mwandishi Bellori alimlaumu Caravaggio kwa kosa hilo mwaka 1672. Wasomaji wa leo wanauliza kama kweli ni kosa.

Umbali nao. Katika picha ya wanandoa ya Jan van Eyck ya 1434, kuna machungwa dirishani na juu ya kasha. Bruges, mji wa mchoraji huyo, machungwa hayaoti. Wengine wanayasoma kama tunda la Edeni na usafi wa ndoa. Lakini lisilobishaniwa ni kwamba hawa ni watu wa kununua machungwa.

Na kuna picha ambazo umbali ndio habari yenyewe. Albert Eckhout alikaa Brazili kuanzia 1637 hadi 1644, akimtumikia gavana wa Kiholanzi, Johan Maurits. Picha zake 12 za matunda na mboga ziko Kopenhagen. Gavana alimpa mfalme wa Denmaki mwaka 1654. Nanasi, tikiti, nazi, mpaka mizizi ya muhogo, vimekatwa ndani vionekane, vimepangwa kwenye kiunzi, mawingu makubwa nyuma yao. Hakuna fuvu wala mshumaa. Ukiniuliza mimi, hiyo ni hesabu ya mali: tazameni nchi yetu mpya inazaa nini. Mtu wa Mtwara ataguswa kwa namna yake, maana mkorosho wetu ulitoka Brazili hiyohiyo, ukaletwa upande huu wa Afrika na Wareno, na Eckhout aliuchora mti huo ukiwa na mabibo yake juu ya kichwa cha mwanamke mmoja, mwaka 1641.

Hatua ya 7: Sasa fungua kamusi

Wachoraji na wateja wao walikuwa na kamusi zao kweli. Kitabu cha alama cha Mwitaliano Cesare Ripa kilitoka 1593, toleo lenye picha likaja 1603, na Waholanzi wakapata tafsiri 1644. Kwa hiyo kutafuta maana si upuuzi. Haya ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi.

*Tufaha.* Kitabu cha Mwanzo hakitaji tunda lolote kwa jina. Kinasema tunda la mti, na majani pekee yanayotajwa ni ya mtini. Qurani nayo inautaja mti bila kuutaja jina. Tufaha liliingizwa kwenye hadithi hiyo huko Ulaya, na Kilatini kilisaidia: malum likitamkwa kwa irabu fupi ni ubaya, kwa irabu ndefu ni tufaha. Wachoraji hawakukubaliana wote. Katika madhabahu ya Ghent ya 1432, Hawa ameshika tunda la jamii ya limau, lenye ganda la vinundu. Lakini tufaha lilishinda, na likapata maana mbili zinazovutana: mkononi mwa Hawa ni anguko, mkononi mwa mtoto Yesu ni wokovu, kwa kuwa yeye ndiye Adamu mpya. Mchoraji wa Kiitaliano Carlo Crivelli alilipenda sana. Katika picha yake ya 1486 ya malaika kumpasha Maria habari, ameweka tufaha na tango chini kabisa, kwenye ukingo wa picha, tango likichomoza kana kwamba litadondoka sakafuni mwa jumba la makumbusho. Tufaha ni dhambi, tango husomwa kuwa ukombozi.

*Zabibu.* Ekaristi ndiyo maana ya kwanza: "Mimi ni mzabibu wa kweli." Lakini Uholanzi ilikuwa na nyingine iliyosahaulika mpaka mtafiti Eddy de Jongh alipoifufua mwaka 1974. Mtunzi Jacob Cats alikuwa na fumbo la kishada cha zabibu kinachoshikwa kwa kikonyo. Mkulima wa Dodoma atalielewa mara moja: zabibu mbivu ina ungaunga mweupe juu yake, ukigusa punje unafutika, na haurudi. Ushike kikonyo. Kikonyo ni ndoa, ungaunga ni heshima ya mwanamke. Ndiyo sababu katika picha nyingi za familia za Kiholanzi utamwona mama ameshika kishada kwa ncha mbili za vidole, kama mtu anayeogopa kujichafua. Wakati wao walilisoma hilo bila kuelezwa.

*Limau.* Zuri kwa macho, kali kwa ulimi. Tunayo methali yake: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengi wanalisoma hivyo, kama onyo juu ya anasa. Lakini limau lilikuwa pia kiungo cha chaza na cha mvinyo. Waliomenya walikuwa wanakula tu. Na lilikuwa mtihani wa ufundi. Ganda la nje lenye vitundu, sehemu nyeupe kama pamba, nyama inayong'aa kwa maji: sura tatu katika tunda moja, na utepe wa ganda juu yake. Willem Kalf aliligeuza kuwa karibu saini yake. Katika picha yake ya 1662 iliyopo Madrid, limau linang'aa gizani kuliko kauri na kombe vilivyolizunguka. Mchoraji aliyeweza limau aliweza lolote, na mteja alilijua hilo.

*Komamanga.* Kwa Wagiriki ni tunda la kuzimu: Persefone alikula punje zake, akafungwa kurudi huko kila mwaka. Wakristo wakalichukua: punje nyingi ndani ya ganda moja ni Kanisa, wekundu wake ni mateso, na katika picha ya Botticelli ya karibu 1487 mtoto Yesu na mama yake wameshika komamanga lililopasuka. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba katika Sura ya Ar-Rahman ni tunda la peponi. Hiyo si maana ya Botticelli, usimbandike. Lakini tunda hili limekuwa tamu kwa dini nyingi.

*Pichesi lenye jani moja.* Hili ndilo linalopita bila kuonekana. Tunda ni moyo, jani ni ulimi. Vikiwa vimeshikana, mtu anasema kilichomo moyoni. Ripa analiweka mkononi mwa Ukweli, aliyeuchora kama mwanamke. Ukiona mapichesi yote hayana majani isipokuwa moja, simama hapo.

Mengine upesi. Cheri ni utamu wa mbinguni. Stroberi, kwa kuwa jani lake lina sehemu tatu na mmea hauna miiba, ni Utatu na wema. Jozi lina fumbo linalohusishwa na Agostino: ganda la kijani ni mwili wa Kristo, gamba gumu ni mti wa msalaba, kiini ni uungu wake. Tini inaweza kuwa rutuba au aibu, kutegemea kama unaona tunda au jani.

Hatua ya 8: Bishana na nafsi yako

Una usomaji wako. Sasa uupinge. De Jongh na wenzake waliifanya Rijksmuseum mwaka 1976 iwe darasa la mafumbo kwa maonyesho makubwa. Mwaka 1983 Mmarekani Svetlana Alpers akajibu kwamba sanaa ya Kiholanzi ilikuwa kazi ya kuangalia na kueleza dunia, si bahasha za mafumbo. Chukua pande zote mbili uzibebe kama mizani.

Maswali ya kujibana: Je, maana yangu inaelezea kitu cha ajabu kwenye picha, au ningeisema juu ya limau lolote? Kuna kitu cha pili kinachoiunga mkono? Mwenye picha angeielewa? Ikiwa majibu matatu ni hapana, una tunda tu, na tunda tu linatosha.

Mtihani wa hatua hii ni picha ya Francisco de Zurbarán ya 1633, iliyopo Pasadena, Marekani. Malimau manne makubwa kwenye sahani, machungwa kapuni yakiwa na maua yake, kikombe cha maji na waridi kwenye sahani ya fedha. Vitu vitatu kwa mstari, giza nyuma. Wengine wanaona Utatu, wengine usafi wa Maria: maji, maua meupe, waridi. Hakuna alama hata moja ya wazi. Mimi kila nikiitazama naona altare, kisha najikumbusha kwamba huenda ni mpangilio wangu mwenyewe.

Na baada ya karne ya 17, punguza kutafuta. Jean-Siméon Chardin alichora mwaka 1761 kapu la stroberi za porini, limerundikwa kama kichuguu chekundu, na bilauri ya maji kando. Mwaka 2022 picha hiyo ilinunuliwa mnadani Paris kwa zaidi ya yuro milioni 24, Ufaransa ikazuia isitoke nchini, na mwaka 2024 jumba la makumbusho la Louvre likaipata. Fedha yote hiyo kwa stroberi zisizohubiri lolote. Paul Cézanne naye alikuwa akiweka sarafu chini ya matunda yake ili yalale anavyotaka; hakujali kama ndiyo yaliyoonjwa Edeni au la, alijali uzito na rangi.

Hatua ya 9: Panga meza yako

Hakuna kitakachokufundisha haraka kama kupanga mwenyewe. Chukua embe, ndimu, chungwa moja na kisu. Weka karibu na dirisha la asubuhi, nuru iingie upande mmoja tu. Kisha amua, kimoja baada ya kingine: embe libaki zima au likatwe? Kikonyo chake kibaki? Kisu kimwelekee nani? Ndimu iwe ukingoni au katikati? Kila uamuzi, piga picha kwa simu, ulinganishe. Utagundua ndani ya nusu saa kwamba chungwa lililomenywa nusu linaifanya meza nzima ionekane imeachwa na mtu, na kwamba ukilirudisha zima, mtu huyo hakuwahi kuwepo.

Acha embe hapo siku nne. Chora au piga picha kila asubuhi, saa ileile. Siku ya tatu nzi atakuja bila kualikwa. Usimfukuze.